Uradi wa Kidole Gumba

Baba,

Assalaam alaykum. Maalim Khatib anasema maiti akitolewa salamu huitika, ila sisi walio hai ndio tusiosikia. Kwangu hilo si jipya. Mwisho wa siku zako sauti ilikuwa imepungua hata nikawa nakuamkia, naona midomo inacheza, naenda zangu nikijua nimejibiwa. Basi tuendelee vile vile tulivyozoeana. Mimi nitasema, wewe utaitika, na nisiposikia nitakisia.

Nakuandikia hapa upenuni petu Mtambile, baina ya duka langu la viungo na pahala pako pa baskeli. Spana zako nimezifunga kwenye gunia. Watu bado wanaleta baskeli. Wanazisimamisha pale pale, wanakitazama kigoda chako, wanakumbuka, wanaondoka wakizikokota. Mmoja alinitaka mimi nimzibie pancha kwa kuwa, ati, damu ni moja. Nikamwambia damu ninayo, ila pancha haizibwi kwa damu.

Msimu wa karafuu umekuja bila wewe. Majamvi yametandazwa toka njia panda mpaka skuli, na harufu imeingia kila pahala, kwenye shuka, kwenye unga, kwenye nywele. Zamani nikiipenda. Sasa nikifungua mlango asubuhi ikinijia usoni, nageuka. Sababu yake unaijua.

Mama yumo edani, anakaribia kutoka. Mwili wake hajambo, na anakula nikimkalia. Ila ameniuliza swali likanishinda, na mwenye jibu ni wewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Lakini kabla sijalifikia swali niache nikukumbushe tulikotoka, hata kama ulikuwepo. Mtu akifiwa husimulia. Mvumilie.

Yalianzia mkono wa kulia. Ulikuwa ukishika spana, mkono unatulia tuli. Ukiweka spana chini, mkono ukaulaza gotini, kidole gumba kinaanza safari: kinapanda na kushuka juu ya kidole cha shahada, taratibu, mfululizo, kama mtu anayefikicha kikonyo cha karafuu kisichokuwepo. Mimi nilidhani mazoea. Kisiwa kizima hiki kimelelewa kwa kuchambua karafuu, nani atashangaa vidole vikichambua vyenyewe?

Wenzangu waliona mbali zaidi. Waliona mtu mzima, mkono wa kulia, kidole cha shahada, na tasbihi hana. Wakasema Fundi Shaame anavuta uradi. Bi Riziki wa nyumba ya pili ndiye aliyeitia muhuri: "Mtazameni. Akiweka chini kazi ya dunia tu, anaokota ya akhera."

Na maradhi yakazidi, na sifa ikazidi. Uso wako ukakakamaa, wewe uliyekuwa ukipiga mluzi mpaka kuku wa watu wanageuka, wakasema umezama. Hatua zikawa fupi; wakasema huyo anaitembelea ardhi ya Mola kwa adabu. Mgongo ukainama, wakasema unyenyekevu. Sauti ikashuka, wakasema ndiyo hiyo, mcha Mungu hapigi kelele. Baba, watu wakiugua huku kwetu husemwa wamerogwa. Wewe uliugua ukawa shehe. Maalim Khatib akakutolea mfano darsani: "Fundi hashiki tasbihi. Tasbihi ni mkono wenyewe." Mzee Makame, sahibu yako wa toka mkiwa watoto, alipolisikia hilo alikuja moja kwa moja dukani kwangu. "Shaame huyu ninayemjua mie," akasema, "akiwa walii, basi na baskeli yangu itahiji."

Mimi ndiye niliyekupeleka hospitali ya Chake. Daktari Salma, yule binti wa Wawi, hakukugusa kwanza. Alikutazama mkono ukiwa gotini. Akakutazama ukitoka mlangoni mpaka kitini. Halafu akakuuliza swali ambalo sikulitarajia: harufu unazisikia? Ukafikiri. Ukamwambia msimu ule karafuu zilikuwa mbovu, hazikunukia hata kidogo. Nami nikageuka kukutazama, maana msimu ule karafuu zilinukia mpaka tukaumwa vichwa. Mpemba asiyesikia karafuu, Baba! Na hukusema. Ulilaumu mti.

Daktari akasema maradhi yana jina la mzungu, Parkinson. Ukauliza, "Na huyo mzungu mwenyewe alipona?" Yule binti alikuwa hajakuzoea. Akajibu kwa dhati kwamba mzungu hakuwa mgonjwa, alikuwa mganga aliyeyaeleza. Ukasema, "Afadhali yeye."

Unanijua. Nikiambiwa neno silali mpaka nilijue limezaliwa wapi. Skuli niliiacha mapema, lakini skuli haikuniacha. Nasoma kila kitu, hata karatasi wanayofungia vitumbua. Nikaanza kusoma kwenye simu, wateja wakisubiri bizari. Nikasoma kwamba ndani kabisa ya ubongo mna kisehemu cheusi, kidogo, ambacho kazi yake ni kutengeneza kitu kiitwacho dopamini, na hicho ndicho mafuta ya mwendo wa mwili. Seli za hapo zikifa, mafuta yanakauka. Na mojawapo ya vinavyoziua ni kitu mfano wa kutu. Hii pumzi tunayovuta, ikichomwa mwilini, hurusha cheche. Mwili una vyake vya kuzizima. Cheche zikizidi wazimaji, seli zinaliwa kidogo kidogo. Na mimea nayo ina wazimaji wake, wanaitwa antioksidanti. Wamo kwenye manjano. Wamo kwenye komamanga, kwenye majani ya chai. Wamo, Baba, kwenye karafuu, tena wengi.

Nilikuja mbio kukueleza. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mkono unaendelea na uradi wake, halafu ukasema kwa ile sauti ya kuvizia: "Kutu? Wewe unanieleza mie kutu?"

Ndipo yalipoanza yale maziwa ya asubuhi. Manjano, pilipili manga kidogo, mdalasini, karafuu mbili nilizozitwanga mwenyewe. Nyengine unaweka chini ya ulimi. Na mabega yako yalivyokuwa yamekaza, nikiyasugua kwa mafuta ya nazi niliyochemshia karafuu. Vidonge vya daktari hukuacha hata siku moja, isipokuwa pale vilipokatika madukani tukawa tunasubiri mzigo ushuke bandarini Wesha, na siku zile mwili wako ulikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Maziwa uliyanywa, vidonge ulimeza, na mdomo hukunyamaza. "Umenigeuza pilau," ulisema. "Bado wali tu." Na siku nyengine, Mama akiwa yupo, ukasema, "Nikifa msihangaike na kafuri. Nimeshaungwa."

Mama hakucheka. Mimi nilicheka. Leo nayarudia hayo nikiwa peke yangu dukani na kicheko kinatoka nusu.

Lakini uliniuliza pia swali la maana, na nililipeleka Chake kama lilivyo. Ulisema, "Mie nimezaliwa juu ya jamvi la karafuu. Nimechambua kabla sijaota meno. Kama karafuu inazuia, mimi imenisahau vipi?" Daktari Salma akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia: "Bi Time, kuchambua si kula. Na kula kwa pilau si kiasi anachopewa panya wa majaribio. Na panya yule hupewa dawa ya mmea kabla ya kutiwa sumu ya kumuuguza. Kabla. Hapo ndipo ubongo wake unapokingika. Na akikingika, bado ni panya. Kwa binadamu hakuna aliyethibitisha. Mpe babaako kama chakula, asikose vidonge, na usimwahidi kitu."

Nilirudi nikakwambia neno kwa neno, kwa sababu wewe uongo wa kuliwaza hukuupenda. Ukakitazama kikombe. Halafu ukasema, "Kumbe unanipaka grisi baada ya mvua." Nikasema ndiyo, Baba, inaelekea ndivyo. Ukasogeza kikombe. "Lete hivyo hivyo. Baskeli iliyokwisha kuota kutu nayo hupenda kuguswa."

Hilo neno sijui nililibeba vipi mpaka nyumbani.

Sasa Mama. Mama alijua unaumwa, vidonge akikupa yeye. Ila aliyagawa. Miguu, shingo, uso na sauti, hayo akayapa maradhi. Mkono akauweka kando: huo ni wa Mungu. Baada ya alasiri mkikaa uani, yeye akisuka ukili, wewe mkono gotini, akikutilia haja zake kama mtu anayempakia mchukuzi. "Fundi, mtie marehemu mama kwenye uradi. Tia na mvua, mihogo inakauka. Tia na goti langu, jana halikunilaza." Wewe ukifumba macho kidogo, kidole kinaendelea, naye anarudi kwenye ukili wake ameridhika. Siku moja nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Ukanikonyeza. Uso wako wote ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa, lakini lile jicho la kushoto lilibaki na ufunguo. Nikafasiri: mwache mamaako, ana raha zake. Nikaufumba.

Lakini mimi mdomo wangu haufumbiki siku nyingi. Asubuhi moja hapa upenuni nilikuletea maziwa. Baskeli ya Mzee Makame ilikuwa mbele yako, imepinduliwa magurudumu juu. Nilisubiri umeze, nikainama, nikakuuliza kwa chini, "Baba, nambie kweli. Ndani ya mkono huu mna kitu, au unatuchezea shere?"

Ulikuwa ukitazama ile baskeli. Halafu midomo ikacheza, nikaweka sikio, nikapata haya tu: "Ulikuwa ukizunguka bure. Nikautia mnyororo."

Nikasema haya, sawa, mzee amehamia kwenye baskeli. Hakunisikia, au hataki. Mzee Makame alipokuja kuichukua nikamwambia baba anasema mnyororo ameshautia. Kesho yake alirudi anafoka, baskeli anaiburura. "Mnyororo gani kautia babaako? Huu hapa unaning'inia kama ulimi wa mbwa! Walii wa wapi anayesema uongo kwa ajili ya mnyororo?" Niliutia mimi kwa mikono yangu, nikajipaka weusi mpaka kwenye mtandio, na moyoni nikasema sasa na kumbukumbu inakwenda. Nikahuzunika kidogo. Nikasahau.

Ukatutoka asubuhi, kifua kikiwa kimejaa, mkono umo ndani ya mkono wa Mama. Sina la kuongeza hapo. Nilitaka kuandika, nimefuta mara kadhaa.

Ila hili lazima ulijue, maana lilitokea ukiwa umelala hukuona. Mzee Makame alikuwa miongoni mwa waliokuosha. Alitoka chumbani machozi yanamtiririka ndevuni, akanishika bega mbele za watu: "Time, babaako ananukia." Akarudia. "Wallahi ananukia." Jeneza halijafika msikitini habari imeshafika. Harufu ya peponi, wakasema. Karama. Nami nimesimama pale, vidoleni mwangu bado mna mafuta ya nazi na karafuu niliyokusugua jana yake. Hiyo harufu ya peponi niliitwanga mimi kwenye kinu, Baba. Na wewe mwenyewe, katika watu wote, ndiye uliyekuwa huisikii.

Siku ya maziko si siku ya kusahihisha watu.

Tangu hapo wanakuja. Bi Riziki alikuja wa kwanza. "Time mwanangu, nipe zile karafuu za Fundi." Nikamwambia, Bi Riziki, kwako karafuu zimeanikwa mpaka mlangoni, mgeni akija anapita kwa ncha za vidole. Akasema, "Hizo ni za kuuza. Zenu ni za baraka." Kumpa Mpemba karafuu ni kumpa samaki maji, nami nimeifanya kazi hiyo miezi hii yote.

Halafu Daktari Salma akaja kutupa pole. Alikaa na Mama chini kwenye mkeka, kwa adabu zote, na kwa wema wake akamwambia: "Bi Mize, alikuwa na subira yule mzee. Mimi ule mkono ndio ulionijulisha maradhi kabla hajanena. Kidole gumba kikitembea namna ile, tunafundishwa, ndiyo alama yenyewe." Nilimuona Mama. Hakushtuka. Alikunja upindo wa baibui lake, akaukunjua, akamshukuru kwa kuja, akamtaka asiondoke bila chai.

Siku zikapita hasemi. Ukili hausuki. Tasbihi yake ameitundika msumarini, na Mama si mtu wa kuitundika tasbihi. Wiki iliyopita, baada ya alasiri, nikiwa namsugua goti, akaniuliza bila ya kunitazama: "Time, nambie kweli, wala usinionee huruma. Zile haja nilizokuwa nikimpa babaako, alizitia? Au nilikuwa nikiyapa maradhi?"

Nikazidi kulisugua goti.

Akaendelea, na hapa ndipo aliponikata. "Maana nimefikiri. Kama ni maradhi, mbona akilala yalikuwa yakilala? Nimemlalia ubavuni miaka yote. Akipitiwa na usingizi tu, mkono kimya. Maradhi yanajuaje kama mtu amelala? Anayejua ni mwenyewe. Si ndiyo?"

Baba, hiyo ilikuwa hoja yake moja tu. Alikuwa ameishikilia kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Na mimi, kisirani changu, nilishasoma kwamba mkono wa maradhi yale hutulia usingizini. Ndivyo ulivyo. Ilitosha kufungua kinywa nimwangushe. Nikasema, "Mama, ngoja nikafunge duka." Duka nilikuwa nimeshalifunga.

Nilikuja hapa nikasimama kati ya mlango na kigoda chako, kufuli mkononi. Nikawa nakutafuta. Sikuwa naomba ishara, mimi si mtu wa ishara. Nilikuwa napekua tu kichwani kila ulilolisema, kama mtu anayepekua mfuko wa koti la maiti. Nikafika kwenye asubuhi ile. "Ulikuwa ukizunguka bure. Nikautia mnyororo." Na herufi moja ikanigoma. Ile "u".

Skuli somo langu nililolipenda lilikuwa moja, ngeli. Nikaanza kuhesabu. Gurudumu ungesema lilikuwa likizunguka. Baskeli ungesema ilikuwa ikizunguka. Wewe ulisema ulikuwa. Siku ile niliichukulia kwamba unasema mnyororo wenyewe, ulikuwa ukizunguka bure, nikautia. Sikioni imekaa vizuri, hata sikuigeuza. Lakini mnyororo uliotoka hauzunguki, Baba. Unaning'inia. Hilo hata mimi muuza bizari nalijua, sembuse wewe uliyezeeka na grisi kuchani. Na mnyororo wa Mzee Makame hukuutia. Niliutia mimi, kesho yake. Basi pale mbele yetu asubuhi ile palikuwa na kitu gani chengine cha "u", kilichokuwa kikizunguka bure?

Nikautazama mkono wangu uliokuwa umeshika kufuli.

Nilikuuliza la mkono, ukanijibu la mkono. Ulikuwa ukizunguka bure, wenyewe, kwa maradhi, kama pedali isiyovuta kitu. Ukautia mnyororo. Kila kidole kinapopanda ukakifunga neno, kila kinaposhuka neno, mpaka mzunguko ule wa bure ukawa unavuta mzigo. Uliniambia waziwazi, kwa lugha ya kazi yako, na mimi nikakuona umepotewa na akili.

Nilikaa kwenye kigoda chako. Ni mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Kifupi kuliko nilivyodhani.

Lakini unanijua, neno moja halinitoshi. Kesho yake asubuhi nilimwendea Mzee Makame kwake, nikamuuliza kama anaukumbuka ule mnyororo. "Nisiukumbuke? Nilikwenda nao Ijumaa na weusi kwenye kanzu, watu wakaniuliza kama nachoma makaa siku hizi." Nikamwambia uliyoniambia, kwa maneno yako, na nikamwambia nilivyoyafahamu. Akavua kofia akaigeuza geuza, na Mzee Makame unamjua, kofia haivui ovyo. Halafu akasema, "Midomo ilikuwa ikicheza. Tukikaa barzani mkono unakwenda, na midomo inakwenda nao sawa sawa. Mie nikidhani ananitukana." Akaangalia chini. "Yakhe Shaame," akasema, wala hakuwa akisema na mimi. "Yakhe, na mie nikikucheka."

Nikarudi kwa Mama. Nilimwambia yote, Baba, sikubakisha. Kwamba mkono ulikuwa wa maradhi toka siku ya kwanza, na kwamba maradhi yale nayo yana usingizi wake, hoja yake haisimami. Alikubali kwa kichwa, polepole. Nikamwambia harufu ni yangu, ya kinu. Akasema, "Hilo nilijua. Kinu si nilikuwa nakisikia?" Halafu nikamwambia la mnyororo. La "u" nilimweleza mara mbili, maana Mama ngeli hakufundishwa na mtu, anazisema tu. Akanisimamisha nilipotaka mara ya tatu.

"Kwa hiyo aliutia," akasema.

"Aliutia, Mama."

"Basi na goti langu limo."

Mimi, kwa ujinga wangu wa kupenda ushahidi, nikamuuliza, "Kwani limepona?"

Akalinyoosha juu ya mkeka, akalipapasa, akalisikiliza. "Halijapona," akasema. "Lakini limo."

Na akacheka, Baba. Kidogo, kwa puani, kama alivyokuwa akicheka ukimtania. Halafu akalia, na mimi nikalia naye, kile kilio cha siku ya maziko ambacho hatukukipata kwa sababu ya watu. Magharibi ilipoingia akaniambia nimtungulie tasbihi msumarini.

Haya ndiyo niliyotaka uyajue. Wanaokuja kwa karafuu siwafukuzi. Nawapa, na nawaambia: kuleni, ni chakula, si dawa, mwenye vidonge asiviache, na mkimuona mtu wenu anasema karafuu hazinukii, na kidole kinatembea, mpelekeni Chake kwanza, msiwahi kumpeleka peponi. Bi Riziki alinuna. Kisha juzi nimeona amempandisha mumewe gari ya Chake, na mumewe naye alikuwa ameanza kusifiwa.

Maalim Khatib sikumwambia kitu. Alisema tasbihi ni mkono wenyewe. Amekosea njia, lakini amefika.

Sasa nikuage. Mama yuko nyuma ananiita nikoroge maziwa. Anayanywa yeye siku hizi, manjano na karafuu mbili, anasema pilau ameirithi. Nami nakunywa naye. Sijidanganyi, sijaahidiwa kitu. Ila nimelishika lile la panya, kwamba kinga huwekwa kabla. Na nimelifikiria upande wako. Neno uliloufungia mkono, nakisia, hukuliokota siku ya maradhi. Ulikuwa nalo toka ujanani, unalisema chini ya mluzi wako huku sisi tunasikia mluzi tu. Mvua ilipokuja grisi ilikuwa imo.

Mimi unanijua, uradi wangu ni wa mwaka hadi mwaka. Mikono yangu kwa sasa imetulia. Nimeitandaza hapa juu ya karatasi nikaitazama, haina hata dalili. Basi nakuahidi, Baba, nitaanza nayo ikiwa hivi hivi, mizima, na pua bado inanusa karafuu hata nikageuza uso. Sitasubiri izunguke. Na nitaanza na jina lako, halafu goti.

Pumzika. Mkono nao upumzike, umevuta vya kutosha. Ijumaa nitakuja kukusalimia kaburini. Ukiitika, itika kwa sauti yako ile ile ndogo, usijisumbue.

Nitainama.

Mwanao,
Time